Pimbi na Mgeni Rasmi wa Shambani

Hapo zamani za kale, nyie mkiwa bado hamjajua hata kubishana, palikuwa na nchi juu mlimani yenye baridi ya kung'ata masikio. Ngano ya huko ilipandwa kabla ya theluji. Ikiota kidogo, ililala chini ya theluji kama nyie mnavyolala siku ya kuteka maji, na jua likirudi iliamka na kuzaa.

Sasa tegeni masikio, mimi sirudii. Ukiipanda mapema, nzi wa ngano wanataga mayai kwenye majani na funza wanakula. Ukichelewa, ardhi inaganda na mbegu inakufa haijashika mizizi. Wakati wenyewe ni ule mwembamba wa katikati: umande umeganda mara ya kwanza ukaua nzi, lakini udongo bado laini.

Huko waliishi majirani watatu waliolima kwa ujima, leo kwako, kesho kwangu. Nyati alivuta plau. Tembo alivunja mabonge. Pimbi, mdogo kama paka, alitia mbegu na kufukia. Kila mwaka zamu za mashamba zilifuata ukubwa wa sauti. La Nyati kwanza; nzi wakala nusu, akasema ni husuda za watu. La Tembo likafuata. Ghala likafura, akasema ni baraka za mkonga wake. La Pimbi mwisho, plau ikigonga ardhi ngumu inalia ng'we, ng'we.

Mwaka mmoja Pimbi akabakiwa na kikapu kimoja cha mbegu.

"Mama watoto," akamwambia mkewe, "hizi zikifa, hatuna nyingine."

"Basi kawaombe waanze na shamba letu."

"Niwaombe wale? Watacheka mpaka theluji iyeyuke. Nitawaheshimu tu. Heshima ikizidi, mkubwa haoni mbele."

Nzi walikuwa bado wanaruka, zzz, zzz, Pimbi alipomkuta Nyati anavaa nira.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Mbona unawahi kama mpanga viti?"

"Marahaba. Mpanga viti gani, we kijidudu?"

"Si kwenye sherehe anayefika kwanza ni mpanga viti? Na mgeni rasmi anafika lini?"

"Mwisho," Nyati akasema polepole.

"Mimi nimenyamaza."

Nyati akavua nira. "Mwaka huu langu litalimwa mwisho. Aanze Tembo."

Pimbi huyoo, mpaka kwa Tembo. "Shikamoo, mzee. Bwana Nyati anasema uanze wewe. Yeye ni mgeni rasmi, atakuja mwisho."

Masikio ya Tembo yakapiga pwata, pwata. "Nyati? Yule mvuta plau? Mgeni rasmi ni mimi. Aanze yeye."

Wakakutana mpakani.

"Anza wewe," akasema Tembo.

"Nianze mimi, na pembe hizi?"

"Mwenye mwili ndiye anayesubiriwa."

"Mwenye mwili awahi kutoka, maana anachelewa kufika."

Wakabishana nzi wakiruka. Wakabishana hadi asubuhi ile umande ulipoganda, nzi wakadondoka pa, pa, pa. Pimbi akachota udongo, akaufinya, bado laini.

"Wazee wangu," akasema, "mgeni rasmi hatangulii ngoma ya watoto. Nipeni mimi hiyo kazi ya kitoto. Tuanze na langu, nyie mkiendelea kuamua."

Tembo akamtazama Nyati. "Hilo halimshushi mtu."

"Halimshushi," akasema Nyati.

Wakalima, krr, krr, krr. Jua halijazama, kikapu kilikuwa kitupu na mbegu zote zimefukiwa. Mke wa Pimbi akawapa uji wa moto. Wakanywa, wakarudi mpakani.

"Haya, sasa anza wewe."

"Mimi? Mgeni rasmi?"

Theluji ikawakuta hapo hapo. Nyati alipojaribu plau, ng'we, ncha ikapinda.

Jua liliporudi, ngano ya Pimbi iliamka, ikapanda, masuke yakainama kwa uzito. Wakubwa wakaja na vikapu, sauti zimepungua.

"Ulitudanganya," akasema Nyati.

"Uongo wangu uko wapi? Nani alimlazimisha nani kuwa wa mwisho?"

Tembo akakohoa. "Tumbo halitaki kesi, mwanangu. Tuna njaa."

"Basi nikanyagieni masuke punje zitoke. Mchana mnakanyaga, jioni mnakula, na mbegu nitawapa. Ila msimu ujao siku ya kupanda naitaja mimi, na hakuna kubishana."

Wakakanyaga, puu, puu, puu. Makapi yakamwingia Tembo kwenye mkonga, akapiga chafya iliyomkalisha Nyati chini. Pimbi alikuwa juu ya jiwe, miguu inaning'inia.

"Taratibu, waheshimiwa," akasema. "Msije mkachafua viatu."

Hiyo ndiyo yangu, mwenye tamu kuliko hii aje tumwone: mbegu haimsubiri mkubwa, inasubiri wakati wake.