Skrini Iliyofunikwa

Bwana Mdoe, mwenye nyumba, alikitaka kibanda cha gemu cha mjane Mwanahawa.

"Tushindane mbio za magari. Nikishinda, unahama. Ukishinda, sikusumbui tena. Ila skrini nachagua mimi kwanza."

Skrini zilikuwa mbili: ndogo iliyo wazi, na pana iliyofunikwa kitambaa cha kufuma.

"Chagua, baba. Hiyo iliyofunikwa tu niachie."

"Ehee! Mimi nipewe kijidogo?" Akaifunua. Picha ilikuwa kali, hata vumbi la barabarani lilionekana.

Mbio zikaanza. Kila kona ilipomfikia Mdoe machoni, gari lake lilikwishagonga ukuta.

"Skrini hii inachelewa!" alifoka. "Mbona uliifunika kama kitu cha thamani?"

Mwanahawa akavuka mstari wa ushindi.

"Hata maiti hufunikwa, baba."