Mbaruku na Mbegu za Mama

Masikio!
— Yako hapa!
Midomo!
— Imefungwa!
Wewe wa nyuma, wako bado unatafuna. Meza, tuanze.

Mimi shule niliiacha darasa la tano, ikabaki inalia. Lakini kwa hadithi, nileteeni mwalimu yeyote, nitamkalisha chini.

Zamani, majirani walipokuwa bado wanaombana moto, alikuwepo kijana anaitwa Mbaruku, na dada yake Mwanaidi. Mama yao alipanda marigodi uani: maua ya rangi ya chungwa, harufu kali, nyoka akipita anapiga chafya. Alipokaribia kufa akawapa fundo la kanga. Ndani, mbegu. Nyeusi, nyembamba, ncha nyeupe. Ukitazama haraka utadhani vijiti vya ufagio vilivyokatika.

"Ndizo za mwisho," akasema. "Siku Mwanaidi anaolewa, nataka maua haya toka mlangoni mpaka njiani. Mimi sitakuwepo. Yatanisimamia."

Mama akaenda zake. Posa ikaja. Harusi, miezi mitatu.

Mbaruku akajipiga kifua. "Dada, wewe kaa! Mkono huu ukigusa udongo, udongo unaitika labeka!"

Akagawa mbegu mafungu matatu. La kwanza akapanda. Sasa, mnamjua mtu anayefunua chungu kabla maji hayajachemka? Ndiye huyo. Asubuhi akafukua: "Bado?" Adhuhuri akafukua: "Bado?" Jioni akafukua: "Bado tu?" Siku ya nne mbegu moja ikatoa kimzizi kama uzi. Akaichomoa, akaibusu, akairudisha kichwa chini. Zikafa zote.

"Kaka, umezichosha," Mwanaidi akasema.
"Udongo mbovu huu!"

La pili, akaapa hafukui. Na kweli hakufukua. Alimwaga maji! Ndoo asubuhi, ndoo adhuhuri, ndoo jioni. Mbegu zikaelea, zikashuka mtaroni mpaka kwa bata wa jirani. Bata hata asante hawakusema.

Likabaki fungu moja. Mwanaidi akanyoosha mkono.

"Kaka, lete hizo nizipepete kwanza."

Akaingia nazo jikoni. Akatoka na fundo lile lile. "Haya, panda."

Mbaruku akapanda. Akafukua, akafukia, akamwagia. Akazibembeleza, akazitukana. "Mnatoka, hamtoki?" Wiki, kimya. Mwezi, kimya. Akawa anazunguka: mlangoni, tutani, mlangoni, tutani. Shingo ikamkonda kama ya jogoo. Wewe nawe, mbona unajikunakuna? Tulia, si wewe uliyepanda.

Juma moja kabla ya harusi, Mwanaidi akamkuta amechuchumaa tutani. Kifua chote kimeisha.

"Dada, nimemzika mama mara ya pili."
"Fungu la mwisho limekuwaje?"
"Liko vile vile. Halioti, wala haliozi."
"Kaka, vijiti vya ufagio vinaoza lini?"

Mbaruku akamkodolea macho.

"Njoo nyuma ya jiko."

Wacha we! Vyungu vilivyopasuka, safu nzima, na kila chungu marigodi imejaa mpaka inamwagika, chungwa tupu!

"Miezi miwili, na harufu sikuisikia?"
"Pua ulikuwa umeizika tutani."
"Kwa hiyo mimi nimelima ufagio!"
"Na umeulima vizuri, kaka. Umekaa mbali na haya."

Siku ya harusi vyungu vikapangwa toka mlangoni mpaka njiani. Mwanaidi akapita katikati. Kwenye chungu cha mwisho akainama, akasema kidogo tu, "Mama, nakwenda." Kisha akachuma ua moja lililokauka, akamtia kaka yake kiganjani.

"Mbegu hizi zako. Na mimi sipo tena wa kukuibia."

Mbaruku akapanda. Akafunika kwa udongo wa unene wa kucha. Akanyunyiza maji kwa vidole. Halafu mikono akaikalia. Siku ya kwanza ikawasha. Ya pili ikawasha. Ya tatu akatokwa na machozi. Ya sita udongo ukapasuka ufa mdogo, na ndani yake kijani. Akapiga ukelele mpaka majirani wakaja na ndoo wakidhani moto. Akanyoosha kidole akiguse...

Akakirudisha. Akakikalia.

Hadithi yangu naiacha hapa kizingitini. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda airuke, na aliyesinzia akaulize kwa bata.