Ukili wa Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Mh. Mmeitika kama watu waliotikiswa usingizini. Mimi siwasimulii waliolala. Haya, nirudie, na safari hii mniitikie kama mnaitaka kweli. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sasa. Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama wakiamkiana njiani na kuulizana habari za watoto, palikuwa na kijiji cha wasuka mikeka ukingoni mwa mto. Watu wa kijiji kile hawakuwa na kalamu wala wino. Mtu akitaka kupeleka maneno mbali, alisuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, majani ya mkindu, unaoshonwa ukawa mkeka. Kila neno lilikuwa na ua lake la nakshi, likisukwa kwa ukindu mweusi. Ukindu mweupe ulimwambia msomaji, pumua hapa. Ukindu mwekundu ulimwambia, pandisha sauti hapa. Hata watoto waliyajua hayo.

Msukaji aliyewashinda wote kwa wepesi wa mkono alikuwa mwanamke mmoja, jina lake Mize. Siku moja Mize alikaribia kuishiwa na ukindu. Ukindu laini ulikuwa ng'ambo ya mto, na ng'ambo ilikuwa kwa Simba, naye Simba alikwisha kataza binadamu wasikanyage kule. Mize aliyajua hayo. Lakini mjuavyo mtu akiwa na kazi mkononi. Akamwambia mumewe, Makame, "Nenda ukanikatie kidogo tu. Simba mchana hulala."

Makame akasema, "Mke wangu, kule tumekatazwa."

"Kidogo tu, Makame. Utakuwa umerudi kabla wali haujapoa."

Makame akaenda. Wali ukapoa. Ukachacha. Makame hakurudi.

Badala yake akaja Kenge, akitoka mtoni huku anadondoka maji, akasimama mlangoni. "Hodi, Bi Mize. Mumeo yuko kwa Simba, amefungwa kamba. Simba anasema atasikiliza maneno yako mara tatu. Yakimwingia, mumeo atarudi. Yasipomwingia, atamla."

Mize akainuka. "Basi nipeleke nikazungumze naye sasa hivi."

"Ndilo usilolijua hilo. Simba hasikilizi tena kinywa cha binadamu, anasema leo kinasema hivi na kesho kinakana. Anataka maneno yaliyosukwa. Nungunungu atamsomea pale ukingoni, na wewe utakaa upande wako usikilize. Lakini kimya. Ukitoa neno moja wakati wa kusomwa, Makame hana siku nyingine."

Mize akaketi akasuka. Ukindu uliokuwapo ndani ulikuwa haba, naye akawaza, nikiutumia huu mweupe kwa mapumziko badala ya kuutia rangi nyeusi, maneno yatapungua. Akaacha mapumziko, akajaza maneno. Maneno yote aliyoyataka yakaenea, akafurahi. Kenge akaubeba ukili mgongoni, akaogelea.

Mto ule haukuwa mpana. Mize akakaa kwenye majani, akawaona wote vizuri: Simba amelala kifudifudi, Nungunungu ameinua ukili kwa mikono miwili, na Makame kule nyuma kwenye shina la mkindu, kichwa kimeinama. Nungunungu akakohoa, akaanza.

"Bwana Simba mume wangu hana kosa mimi ndiye niliyemtuma ukindu niliutaka mimi wala yeye hakutaka nisamehe mrudishe nyumbani anangojewa mimi ndiye mwenye makosa usimfanye kitu mrudishe..."

Alisoma mbio, maana hapakuwa na mahali pa kupumua. Uso ukamwiva. Miiba ikamsimama. Alipofika mwisho akaanguka kitako akihema. Mize alikuwa akiyasikia maneno yake mwenyewe na hayatambui. Yalikuwa yake kila moja, lakini yalitoka kama ya mtu anayegombana sokoni. Akataka kupiga ukelele, la, sivyo, nilisema polepole. Akakumbuka, akajiziba kinywa kwa kiganja.

Simba akapiga mkia chini. "Huyu mwanamke ananifokea. Amevunja amri yangu, kisha ananifokea hata pumzi hanipi. Imebaki mara mbili."

Usiku ule Mize hakula. Asubuhi roho yake ilikuwa juu juu, akawa anazunguka ukumbini anajisemea. Simba hakuona jinsi ninavyoumia. Safari hii ataona. Akakusanya ukindu mwekundu wote aliokuwa nao, akaupitisha katika kila neno, juu na chini, na katikati akatia na mweupe ili Nungunungu asije akazimia. Ukili ulipokwisha ulikuwa umewiva tele kama pilipili zilizoanikwa.

Kenge akautazama. "Loo, Bi Mize. Huu unaumiza macho."

"Ubebe tu, ndugu yangu. Simba lazima ajue."

Kule ng'ambo Nungunungu akaushika, akatazama kila upande kama mtu anayetafuta pa kukimbilia, kisha akatii alivyosukiwa. Alipandisha sauti katika neno la kwanza. Akapandisha katika la pili. Akapandisha katika yote.

"Bwana! Simba! Mume! Wangu! Hana! Kosa! Mrudishe! Mrudishe!"

Ndege wakaruka mitini. Simba akasimama. Mize akaona Makame amejikunja, mabega yamepanda hadi masikioni kwa aibu, kana kwamba mke wake kamkemea mbele za watu. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Jana alinifokea," Simba akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Leo ananiamuru. Mwambieni imebaki mara moja, na njaa nimeanza kuisikia."

Hapo Mize alichanganyikiwa. Alikwenda nyumbani akakaa chini hadi kukakucha, mikono mapajani, hajui aanzie wapi. Ukindu mweusi ulibaki kiasi. Mwekundu ulibaki uzi mmoja. Mweupe haukuwapo kabisa. Kenge alikuwa amemfuata, amejinyoosha juani kizingitini, anamtazama kwa jicho moja.

"Mie masikio yananiuma tangu jana," akasema. "Hebu niambie. Simba angekuwa hapa nilipo mimi, na kinywa chako hakikuzuiliwa, ungemwambiaje?"

"Ningemwambia maneno yaleyale."

"Niambie basi. Mimi ndiye Simba."

Mize akamkunjia uso. Kisha akaanza, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliyekaa chini mbele ya mwenzake aliyemkosea. "Bwana Simba." Akanyamaza kidogo, maana huwezi kumwita mkubwa kisha ukamwagia maneno kabla hajakutazama. "Mimi ni Mize, msukaji. Mume wangu hana kosa. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilijua kwamba umekataza, nikamtuma."

Akataka kuendelea. Akafungua kinywa, hakutoka neno. Akakaa hivyo, machozi yanamtiririka, Kenge akimngoja. Muda ukapita. Mwisho akasema, "Niadhibu mimi." Na jina la mumewe likamtoka lenyewe, kwa nguvu, bila kulikusudia.

Akajifuta uso, akaingia ndani. Akautoa mkeka wao wa kulalia, ule mweupe usio na nakshi, akaufumua. Alisuka mchana kutwa, na kila alipotia ua la neno alilisema kwanza kwa mdomo wake. Pale alipovuta pumzi, akatia mweupe kidogo. Pale alipoishiwa na sauti, akasuka mweupe mtupu, mrefu kama mkono wake kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole. Uzi ule mmoja mwekundu akautia mwishoni, mahali pamoja tu.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka Nungunungu alipoushika ukili wa tatu. Mize alikaa kwenye majani, viganja viwili kinywani.

"Bwana Simba," Nungunungu akasoma. Akapumua. Simba akageuza kichwa.

"Mimi ni Mize, msukaji. Mume wangu hana kosa. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilijua kwamba umekataza, nikamtuma."

Kisha kimya.

Nungunungu alikuwa akipitisha ukucha wake juu ya ule ukindu mweupe, taratibu, wala hasemi kitu. Simba akangoja. Kimya kikazidi. Mize akajiambia, nimemuua. Nimekifanya kirefu mno, Simba atadhani maneno yamekwisha, atadhani sina la kusema zaidi.

"Mbona husomi?" Simba akauliza.

Nungunungu hakumjibu. Alikuwa bado anasoma. Simba akaufuata ule ukucha kwa macho, ukienda, ukienda, na polepole mkia wake uliokuwa ukipigapiga ardhi ukatulia.

"Niadhibu mimi," Nungunungu akasoma. Akafika kwenye uzi mwekundu, akajaza kifua. "Makame!"

"Naam, Mize," Makame akaitika kule shinani.

Aliitika kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni, haraka, kichwa kimeinuka, macho yanamtafuta mkewe upande huu wa mto. Halafu akagutuka. Kinywa cha binadamu kilikuwa kimesema. Kenge akajizamisha majini ikabaki pua.

Simba akamwendea Makame, hatua kwa hatua, hadi akasimama juu yake. "Nani amekuita?"

"Mke wangu, bwana."

"Aliyesoma ni Nungunungu."

"Najua, bwana. Lakini aliyeniita ni mke wangu. Siku zile mbili maneno yalikuwa yake, ila yeye mwenyewe sikumsikia. Leo nimemsikia."

Simba akatazama ng'ambo, akamwona Mize, kinywa kimezibwa kwa viganja viwili. Akatazama sana. "Hata mimi nimemsikia," akasema. "Na kinywa hakukifungua." Akaikata kamba kwa ukucha mmoja, akageuka, akaenda zake vichakani bila kuaga.

Makame akaingia majini, akavuka, akapanda ukingo huku nguo zimemganda mwilini. Akamkuta mkewe pale pale kwenye majani, viganja bado kinywani, hathubutu hata kupumua kwa sauti. Akachuchumaa mbele yake, akavishika vile viganja, akaviondoa kimoja kimoja.

"Sema sasa, Mize," akamwambia.

Hadithi yangu imetua hapo. Anayetaka kuipeleka mbele aichukue, ila aisome polepole.