Maji Mekundu ya Ndiva

Mtu mmoja alikuwa na uvimbe juu ya goti, na kwa muda mrefu aliufanya siri. Jina lake Elisaria. Alikuwa mtunza ndiva huko milimani Upareni, na ndiva, kwa ninyi msiokulia kule, ni bwawa la udongo lililochimbwa juu ya mteremko. Maji ya chemchemi hukusanyika humo usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yashuke kwa mfereji mpaka mashambani. Maharage, mahindi, migomba ya mjane na migomba ya mwenyekiti, vyote hunywa hapo.

Elisaria alisifika kwa jambo moja. Hakuwa mtu wa kupanda mlima kila siku. Alichuchumaa chini, pale mfereji unapoingia shamba la kwanza, akakinga maji kwa kiganja, akayatazama, akayanusa, akayaonja, kisha akakuambia kilichotokea huko juu. Majani mabichi yakija, tawi limeangukia mdomo wa chemchemi. Harufu ya samadi ikija, ng'ombe wa mtu wameingia. Maji yakija mekundu, ukingo wa ndiva umeanza kumong'onyoka. Hapo ndipo alipopuliza baragumu, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe kwenda kwenye msaragambo, kazi ya wote, ambako hata waliokosana husimama bega kwa bega. Watu walimpenda kwa hilo, na kusema kweli alistahili.

Uvimbe wake ulianza kama punje ya njugu na haukuuma. Huko kutouma ndiko kulikompumbaza. Nakijwa, mkewe, aliuona siku moja mumewe alipokunja suruali kuvuka mfereji, nao wakati huo ulikuwa umeshakuwa mkubwa. Hakumgombeza. Alifunga nguo kwenye mfuko, akaaga majirani, akampeleka hospitali kubwa.

Huko walikata kipande kidogo wakakipima, wakamwambia ni saratani, ile isiyoonekana mara nyingi, inayoota katika nyama laini ya mwili, katikati ya misuli na mafuta. Kisha daktari, mama mmoja mtulivu mwenye sauti ya chini, akaomba na damu. Elisaria akanyoosha mkono, lakini mdomo wake haukutulia.

"Ugonjwa uko mguuni, mama. Mbona mnachota mkononi?"

Daktari hakuudhika. Alimweleza, akimwita baba, kwamba damu haikai mahali pamoja. Hiyo iliyoko mkononi imepita mguuni, imepita mapafuni, imepita kila pembe, na kila inapopita huchukua alama za kilichoko. Chembe nyeupe za aina moja zikizidi na za aina nyingine zikipungua, protini nayo ikishuka, mwili unasema kuna vita ndani. Alama hizo zikisomwa pamoja na uvimbe wenyewe, wataalamu hukadiria ugonjwa unaelekea wapi. Elisaria aliitikia kwa adabu na hakuamini hata neno moja. Alicheka kimoyomoyo mpaka sindano ilipotoka. Mtu aliyesoma habari za mlima kwenye kiganja chake maisha yake yote alishindwa kuamini kwamba damu ya mkono inaweza kuleta habari za mguu. Msimcheke sana. Kila mmoja wetu ana mahali anapojua kupita wote, na akitoka hapo hatua moja tu, anapapasa.

Majibu yakaja, na hayakuwa mazuri. Daktari hakuficha, wala hakutisha. Alisema kwamba wagonjwa wengi wenye damu ya namna hii huwa na ugonjwa mkali, unaopenda kurudi hata baada ya kuondolewa. Akasema kwamba kwa sababu hiyo hiyo hataki kuchelewa: baba ale vizuri apate nguvu, apigwe mionzi, uvimbe ukatwe, na baadaye afuatiliwe kwa karibu kuliko wengine. Lakini Elisaria alikuwa amesikia nusu ya kwanza tu. Yule ambaye jana hakuiamini damu, leo aliiamini kumpita daktari mwenyewe. Alimwambia mkewe warudi nyumbani. Kama ni kufa, atafia kwake. Wakarudi.

Habari mbaya haihitaji barabara ya lami. Siku iliyofuata Sefue, kaka yake mkubwa, alifika na uso wa msibani, na nyuma yake jamaa na majirani. Wakakaa uani wakizungumza kwa sauti ya chini. Mmoja akaulizia nani atakabidhiwa baragumu. Haya yote Elisaria akiwa hai, anayasikia, kikombe cha uji kimo mkononi mwake. Nakijwa alipika, akawaandalia wote. Alikuwa na hasira, nami naiheshimu hasira ile. Kila asubuhi aliutoa ule mfuko wa hospitali akauweka mlangoni, na kila jioni akaurudisha ndani.

Kisha ikanyesha mvua kubwa, na kulipokucha maji ya mfereji yalishuka mekundu. Sefue ndiye aliyeyaona kwanza. Wote waliokuwa uani wakatoka, na Elisaria akajikongoja nyuma yao kwa fimbo. Aliwakuta wamesimama ukingoni, mikono kichwani. Mmoja akasema ndiva imekwisha, na mtunzaji wake ndiyo hivyo tena. Sefue akaanza kulia. Hakuna hata mmoja aliyekuja na jembe, na hakuna aliyekumbuka kwamba wakati wanalia, huko juu udongo ulikuwa bado unamong'onyoka na mashamba yao yote yalikuwa chini yake.

Elisaria alipandwa na hasira ambayo hata hakujua kama bado anayo. Akapiga fimbo chini.

"Mna nini ninyi watu? Maji mekundu hayasemi ndiva imekufa! Yanasema bebeni majembe, upesi, kungali mapema!"

Watu wakashtuka kama waliomwagiwa maji, wakatawanyika mbio kufuata majembe, Sefue mbele yao na machozi yake hayajakauka. Elisaria akabaki peke yake kando ya mfereji. Maji mekundu yakapita mbele ya miguu yake, ule mzima na ule mgonjwa, naye akayatazama kwa muda. Maneno aliyoyatamka yalikuwa yamemrudia. Alipogeuka, alimwona Nakijwa amesimama nyuma yake, ule mfuko umo mkononi.

"Haya, baba Elinipa," mkewe akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Na wewe beba la kwako."

Waliondoka asubuhi ile ile. Wenzake walipanda mlimani kuuziba ukingo, naye akashuka barabarani.

Nimewasifu watu wa ndiva. Acheni niwasifu na hawa wa hospitali. Daktari hakumuuliza alikuwa wapi. Alimlisha mayai na maharage mpaka mwili ukapata nguvu, akampeleka kwenye mionzi, akamkabidhi kwa wapasuaji waliouondoa uvimbe na kumwachia mguu wake. Damu ilichotwa tena na tena, na sasa Elisaria alinyoosha mkono kabla hajaombwa, akiuliza maji yanasemaje leo, mpaka wauguzi wote wakaujua mchezo wake. Ni jambo la kustaajabisha, ukilifikiria. Kichupa kidogo, kisichojaa hata kiganja, na ndani yake mtu aliyesomea anaona dalili za hatari ambayo jicho halijaifikia.

Na ugonjwa ulirudi, kama damu ilivyoonya. Ulirudi mdogo, katika pafu moja, mahali ambapo saratani hii hupenda kuhamia. Lakini uliwakuta watu macho, majembe mkononi, wakiutazamia njia ile ile uliyoijia. Wakauondoa ungali mdogo.

Mtaniuliza kama alipona kabisa. Hilo daktari hakumwahidi, nami sitawaahidi. Ninachokijua ni kwamba mvua zilizofuata zilimkuta Elisaria amekaa kando ya mfereji, maana goti lilikuwa limekakamaa na hakuweza tena kuchuchumaa, akikinga maji kwa kiganja na kuyaonja. Ndiva ilikuwa imejaa. Baragumu lilikuwa begani mwake mwenyewe.

Basi niambieni, ninyi mnaonisikiliza. Siku maji yenu yatakaposhuka mekundu, mikono yenu itakwenda kichwani, au itakwenda kwenye jembe?