Sinia la Bi Mwanamize

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye tumbo?
Alivute ndani!
Asiye nalo?
Aazime la mtambaji!

Haya, mmeanza nami mapema leo.

Hapo kale, kofia zilipokuwa zikishonwa kabla vichwa havijapatikana, palikuwa na mshona kofia aitwaye Msellem. Alikaa kitako alfajiri, akainuka magharibi. Akakaa, akashona, akala. Akakaa, akashona, akala. Kidogo kidogo tumbo likatangulia, yeye akawa analifuata. Msinitazame mimi, nasema habari za Msellem.

Binti yake Rukia aliolewa mji wa Kileleni, juu ya kilima chenye ngazi za mawe zisizokwisha. Huko akajifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza. Na desturi ya Kileleni ni hii: siku ya arobaini mtoto hutolewa nje, babu mzaa mama akamnong'oneza jina. Lakini sharti babu apande kwa miguu yake mwenyewe. Asipofika, jina hutolewa na babu wa upande wa pili. Na huyo alikuwa Bwana Faki, ambaye alishaanza kutangaza kwamba mtoto ataitwa Tabu, jina la mama yake yeye Faki.

Siku ya saba Msellem akajaribu kupanda. Kona ya kwanza, akahema. Kona ya pili, akakaa. Kona ya tatu, akateremshwa kwa kitanda, wabebaji wanne wakipokezana na wengine wanne.

Alipofikishwa chini akaapa: kuanzia kesho, mazoezi. Kila asubuhi atatembea mpaka penye ngazi na kurudi.

Na akaanza kweli. Nyumba ya kwanza akasikia, karibu. Sasa nyinyi mnajua: ukikaribishwa ukapita tu, jioni mji mzima unauliza umegombana na nani. Akaingia, akala mahamri kwa mbaazi. Nyumba ya pili, karibu, viazi vya karai. Nyumba ya tatu, karibu, uji wa nazi, na kikombe cha pili ili asimvunje mwenyeji moyo. Ngazi hakuziona. Hivyo kesho yake, hivyo kesho kutwa. Siku ya kumi kanzu ikagoma kupita tumboni.

"Mama Rukia," akamwambia mkewe, "mazoezi yananinenepesha."

Bi Mwanamize akamtazama toka kofia hadi kanzu. "Yananenepesha sana, Baba Rukia, yakitiwa nazi."

Asubuhi akamtolea sinia lililofunikwa kawa, na juu ya kawa kitambaa kimefungwa fundo. Akamwagiza ampelekee dada yake, Bi Mwatumu, nyumba ya mwisho penye ngazi. Asilifungue, asilitue, na akiitwa njiani ajibu neno moja tu.

Nyumba ya kwanza: "Karibu, Msellem."

"Nimetumwa."

Ahaa! Aliyetumwa na sinia nani atamzuia, chakula cha watu kipoe? Nyumba ya kwanza, pita baba. Nyumba ya pili, pita baba. Nyumba ya tatu wakamhimiza akaze mwendo, asije akakosana na mkewe.

Bi Mwatumu alilipokea, akaingia nalo, akatoka nalo limefunikwa vilevile, akasema lirudi kwa dada na salamu zake. Msellem akadhani ndugu wanabadilishana mapishi.

Siku za mwanzo alilalamikia magoti. Siku za katikati alilalamikia sinia, mbona linazidi uzito? Mkewe akasema mtoto anakua, na mapishi nayo yanakua. Siku za mwisho hakulalamika, alisahau. Asubuhi moja ya mvua alitaka kulala. Miguu ikatoka bila yeye, ikabidi aifuate.

Arobaini ikafika. Bi Mwanamize alikuwa ametangulia juu tangu jana yake, akaacha sinia mlangoni na agizo: leo lilete mpaka Kileleni.

Kona ya kwanza, akapita. Kona ya pili, akapita. Kona ya tatu, pale pa kitanda, akahema, akacheka peke yake, akapita.

Huko juu Bwana Faki alikuwa ameshasafisha koo kwa ajili ya Tabu. Akaona kawa. Akaona kofia. Kisha akamwona Msellem mzima, na safari hii tumbo ndilo lililomfuata. Bwana Faki akalimeza jina lake kama mtu aliyemeza kokwa.

Msellem akalitua sinia, akafungua fundo, maana njaa ilimpata. Ndani mlikuwa na mawe manne ya mtoni na jiwe la kusagia.

"Mama Rukia! Siku zote hizi?"

"Ulianza na moja dogo. Ungejua, ungebeba?"

Msellem akawaza. "Ningelitua nyumba ya kwanza, nikala mahamri."

Basi akampokea mjukuu. Tangu siku ya kwanza alikuwa na jina mdomoni, la marehemu mama yake. Akainama kwenye kisikio kile. Akainua macho, akamtazama mkewe. Kisha akanong'ona.

Rukia akauliza, "Umempa jina gani, baba?"

"Muulize mama yako," akasema. "Ni lake."

Bi Mwanamize akashughulika sana na kukunja kitambaa.

Kesho yake majirani wakamwona Msellem anapita na sinia, na mawe anayajua yote. Karibu, wakamwita. Akasema ametumwa. Wakamuuliza, na nani tena, na arobaini imekwisha?

"Na miguu," akajibu, akapita.

Kawa nimelifunua, ngano imetoka. Ikiwa tamu, bebeni mwende nayo. Ikiwa nzito, ni mawe yangu, nirudishieni. Nami nainuka nikatembee, wala msinikaribishe.