Hodi ya Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama mliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa mko macho. Hapo zamani za kale palikuwa na Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, na sauti kubwa kuliko huo mdomo. Simba akinyemelea, Hondohondo hulia, "Kwaa! Kwaa!" na swala wote hutimka. Basi akajiona. "Nikisema mimi," akasema, "nani asiyesikia?"

Mkewe alikuwa ndani ya tundu la mkuyu, analea vifaranga. Ndiyo ada ya ukoo wao. Mke huingia, mlango huzibwa kwa udongo, hubaki mwanya mwembamba wa kupitishia chakula. Humo ndani manyoya ya mabawa yake hupukutika, asiweze kuruka mpaka yaote mengine. Nao walikuwa wameagana: mume akileta kuyu, atagonga ko, ko, ko. Kelele nyingine yoyote ni ya adui, na mke aongeze udongo.

Siku moja, jua la mchana, upepo ukaja na moshi. Nyasi zikalia, tata-tata-tata. Moto! Hondohondo akapaa juu kabisa. "Kwaa! Kwaa! Moto! Kimbilieni mtoni!" Swala wakasikia. Pundamilia wakasikia. Vumbi likatimka, wakafika mtoni salama. Hondohondo akavimba kifua.

Kisha akageukia mkuyu wake. "Kwaa! Mke wangu! Vunja ukuta! Toka!"

Ukuta haukutikisika.

Akasogea, akapaza zaidi. "Kwaa! Kwaa! Toka, nakwambia!"

Ndani akasikia: pwata, pwata, pwata. Mkewe anaongeza udongo.

Akapaza tena. Pwata, pwata! Kila akipaza, mwanya unazidi kuwa mwembamba. Hapo akaogopa. Akaogopa kweli. Koo lilimwasha kwa kutaka kupiga kelele nyingine, na mnajua wenyewe, mwenye hofu kunyamaza ni kazi. Lakini akanyamaza. Akachuma kuyu moja, akatua kwenye gome, akagonga: ko, ko, ko.

Pwata ikakoma.

"Ni wewe, baba watoto?"

"Ni mimi."

"Huko nje kuna kichaa anapiga makelele."

"Ni mimi vilevile," akasema polepole. "Moto unakuja, mama watoto. Vunja ukuta."

Mkewe hakuuliza mara ya pili. Akadonoa, akadonoa, udongo ukaanguka. Lakini kutoka ni jambo moja, kuruka ni jingine. Mabawa hayana manyoya, na vifaranga wenyewe hata macho hawajafumbua.

Chini akapita Nyani, mbio.

"Kwaa! Nyani! Simama hapo!"

Nyani akazidisha mbio. Na kwa nini asizidishe? Miaka yote huitwa hivyo hivyo akifukuzwa mkuyuni: "Kwaa! Nyani! Mwizi wa makuyu!"

Hondohondo akaruka, akamtangulia, akatua chini vumbini. Akainamisha lile domo lake.

"Ndugu yangu Nyani, nimekuaibisha sana mbele za watu. Nisamehe. Leo nakuomba. Mke wangu hawezi kuruka."

Nyani akamtazama. Akautazama moto. "Ungeniita hivyo tangu mwanzo," akasema, "sasa hivi tungekuwa mtoni."

Akapanda mkuyu. Mama mgongoni, vifaranga kifuani, akaporomoka nao, mbio, mbio, mpaka majini.

Ng'ambo wakasimama, wakautazama mkuyu ukiungua. Mke akamwegemea Hondohondo.

"Baba watoto, sauti yako wote wanaisifu. Mimi nilikujua kwa kugonga. Ungeendelea na makelele yako, ningefia mle ndani, huku namzibia mlango mume wangu mwenyewe."

Hondohondo akagonga tawi taratibu, ko, ko, ko, na vifaranga wakafumbua midomo.

Wanangu, nanyi watu wazima mnaojifanya mmesinzia, sikieni. Kundi huitwa kwa sauti. Aliyejifungia huitwa kwa alama anayoijua. Uliyemkosea huitwa ukiwa umeinama. Kabla hujafungua kinywa, mjue anayekusikiliza, maana kila mlango una hodi yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye udongo uliovunjika. Mkifika makwenu gongeni taratibu, huenda kuna aliyelala.