Simba Alivyonyolewa Apande Mlima

"Nani kati yetu amewahi kupanda juu akapaona maji yetu yanapotoka?"

Swali hilo aliliuliza Mbuzi Mawe barazani, mwaka ambao mto wa bondeni ulikauka mpaka vyura wakahama. Tembo alitazama miguu yake. Fisi alipiga miayo. Simba, ambaye ndiye mfalme, alikuwa katikati ya hotuba kuhusu nani atangulie kunywa katika dimbwi la mwisho lililobaki, na hakupenda kukatizwa na mama mwenye kwato ndogo kama vifungo vya shati.

Siku ya pili Simba akalitoa swali lile lile kama la kwake. Atakayefika kilele kirefu kuliko vyote katika safu ile, akarudi na habari za maji, ataitwa Mpanda. Mila ya Mpanda kila mnyama aliijua. Mpanda habishiwi, kwa kuwa amefika ambako wengine hawajafika. Tena yeyote atakayetaka kupanda baada yake, ni lazima Mpanda amtangulie njiani.

Sungura aliisikia nusu ya kwanza ya mila hiyo, ikamtosha.

Akaondoka kwa vigelegele, Fisi akimbebea mzigo. Walipoumaliza msitu, pale miti inapokwisha na upepo unapoanza, waliona pango. Sungura akaingia, akala, akalala. Alipochoka kulala akakoka moto, akaanza kuunguza ncha za masikio yake taratibu, kama anayechoma hindi.

"Unajitesa bure," Fisi akamwambia, mdomo umejaa karanga.

"Ndugu yangu, juu si ndiko karibu na jua? Nikirudi mzima mzima nani ataniamini?"

Wakarudi. Sungura akasimama barazani na masikio yake meusi, akaeleza kwamba kilele kinawaka. Kule, alisema, jua uko nalo uso kwa uso kama jirani. Ile nyeupe tunayoiona kutoka bondeni ni jivu la mawe yaliyoungua. Chemchemi imekauka kwa sababu jua limekasirika, na dawa yake ni sadaka: asali, mahindi na karanga, zipelekwe mlimani bila kukoma. Mpelekaji awe mwenye nguvu na mwaminifu. Akamtaja Fisi.

Wanyama wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Jua liko juu, kilele kiko juu, basi kileleni kuna joto. Hoja ilikuwa nzuri kabisa. Ilichokosa ni ukweli tu.

Kikao kilikuwa hakijavunjika Mbuzi Mawe alipofika, kwato zimepasuka, mdomo umebabuka. Naye alikuwa amepanda, ila hakuna aliyempigia vigelegele. Akaeleza kwamba juu kuna baridi ya kukata masikio, na ile nyeupe ni maji yaliyoganda yakawa magumu kama jiwe. Chini kidogo ya kilele jabali limeporomoka likaziba korongo, na maji yanamwagikia upande wa pili wa mlima, kusiko na mnywaji. Yeye jabali lile halimudu. Tembo analimudu. Tembo akikubali kupanda...

"Mama," Sungura akamkatiza kwa upole, "unatuambia kwamba ukilisogelea jiko unasikia baridi?"

Baraza zima likacheka. Fisi alicheka kuliko wote, lakini huyo hucheka hata msibani.

"Sijamaliza," Mbuzi Mawe akasema.

"Mpanda habishiwi," akasema Simba, akafunga kikao.

Mbuzi Mawe akarudi kwa mwanawe, ambaye siku hizo alikuwa akilamba mawe alfajiri kutafuta umande. Dimbwi lilikuwa linageuka tope. Likikauka kabla Tembo hajapanda, mtoto yule hatafika masika, na mama yake alilijua hilo kila alipomtazama mbavu.

Sadaka zikapanda mlima. Fisi akanenepa katikati ya kiangazi, na waliouliza waliambiwa kwamba hizo ni baraka za kazi takatifu.

Mambo yangebaki hivyo kama si majivuno ya Simba. Kila alikopita alisikia Mpanda kasema hivi, Mpanda kasema vile. Mfalme gani huyo anayezidiwa urefu na sungura? Akamwita, akamwarifu kwamba watapanda pamoja, na kwamba Sungura ataongoza njia kama mila inavyotaka.

Sungura akainama. "Mtukufu, mimi niko tayari hata sasa hivi. Ninachohofia ni singa zako. Kwa joto la kule zitashika moto. Huwezi kupanda nazo."

Alidhani amemweza. Nani asiyejua kwamba simba hutembea ili singa zake zionekane? Lakini Simba alifikiri kidogo, akasema, "Basi ninyolewe."

Akanyolewa. Shingo ilipotokeza ilikuwa nyembamba, na hakuna aliyethubutu kuitazama mara mbili. Msafara ukaandaliwa: Fisi na majani ya migomba ya kumpepea mfalme, Tembo na mitungi ya maji ya kumpoza. Maji hayo yalichotwa wapi? Dimbwini, yakachotwa yote. Bonde lililokufa kiu likapandisha maji yake ya mwisho mlimani ili mfalme asije akasikia joto. Na wananchi walijipanga njiani wakapiga makofi.

Mbuzi Mawe hakualikwa. Alimmwagia mwanawe mdomoni tope lililobaki dimbwini, akamlaza kivulini, akafuata nyuma ya Tembo.

Msituni walikwenda vizuri. Walipotoka msituni Sungura akawazungusha mbali, mahali pasipo na njia, ili wasilione pango. Ukungu ukawashukia. Simba akauliza joto liko wapi.

"Mbele kidogo tu, Mtukufu."

Wakapanda. Nyasi zikaanza kuvunjika chini ya miguu yao kama vigae.

"Sungura, joto."

"Leo jua limechelewa kuamka, Mtukufu."

Na kwa kuwa utaratibu wa kumpepea mfalme ulishatangazwa, na wa kuutengua ni mfalme ambaye meno yake yalikuwa yanagongana asiweze kusema, Fisi aliendelea kupepea. Alipepea katika upepo ule mpaka njaa ikamshika. Akaona jiwe limefunikwa na kitu cheupe, akakumbuka kwamba ni jivu, akakumbuka pia kwamba jivu lina chumvichumvi, akalilamba. Ulimi ukanasa. Akabaki hapo ameinama, matako juu, akimwita Sungura kwa sauti ambayo haikuwa na konsonanti hata moja.

Simba hakungoja. Shingo tupu ilikuwa imekufa ganzi. Akageuka, akashuka mbio akitafuta pa kujificha upepo, na pa kujificha palikuwa mahali pamoja tu. Akajitupa pangoni.

Tembo alipomfikia, akimkokota kwa mkonga Fisi aliyembandua jiweni na Sungura aliyeshikwa masikio, alimkuta mfalme amesimama juu ya magunzi, maganda ya karanga na masega makavu ya asali. Pembeni kulikuwa na vitanda viwili vya nyasi. Kimoja kilikuwa kidogo.

"Hapa ndipo linapoishi jua?" Simba akauliza.

Sungura akaanza kuyafukia maganda ya karanga kwa ncha ya mguu.

"Tembo," akasema Mbuzi Mawe, "jabali liko nyuma ya bega lile. Twende."

Hakuomba ruhusa. Tembo alimtazama mfalme, akayatazama magunzi, akaiweka mitungi chini, akamfuata. Alisukuma kwa paji la uso mpaka miguu ikazama. Jabali likatikisika, likaporomoka. Maji yakarudi korongoni, yakapita mbele ya pango yakimlowesha mfalme vidole, yakaendelea kushuka. Yalimkuta mtoto wa Mbuzi Mawe amelala pale alipoachwa. Akafumbua macho, akanywa.

Hukumu ilitolewa papo hapo, na ilikuwa ya haki kwa namna yake: Sungura alifungwa shingoni mwa Simba, amzunguke kama skafu, mpaka singa zote ziote tena. Fisi, ulimi umevimba, alihukumiwa kufunga mdomo mbele ya chakula cha wenzake.

Simba alipowahutubia bondeni, akiwa amemvaa Sungura, alisema, "Nilipoliona lile jabali, nikajua la kufanya." Wanyama wakapiga makofi, maana sasa yeye ndiye aliyeitwa Mpanda, na Mpanda habishiwi. Aliyekuwa karibu kabisa na uwongo huo, akausikia ukitoka kooni, ni Sungura.

Njia ya mwongo ni fupi.

Nawe uliyenisikiliza, nakuomba jambo moja. Mama akisimama barazani kueleza alichokiona kwa macho yake, mwache amalize.